Chokaa Kwenye Viatu vya Fortunat

"Uko wapi?"

"Niko Dover, chérie. Tunangojea boti."

"Dover. Fortunat, leo ni Jumamosi. Uncle Kamande anakuja saa kumi, na anakuja kukuona wewe, si mimi. Tuliongea."

Kwenye simu ulisikika upepo, na mtu akifunga mlango wa gari. Peris alikuwa amesimama jikoni kwake Thamesmead, mkono mmoja umejaa unga, chapati ya kwanza imeanza kuungua kwenye kikaango. Hakuigeuza.

"Nilisahauka," Fortunat akasema.

"Hukusahau. Mtu aliyesahau hushtuka. Wewe hata hujashtuka."

"Peris, yaya Albert iko nanihesabia. Kesho tuko na match, na batu habatoshe. Kama siendi, timu itaanza na batu munane."

"Na mimi nikianza na mtu mmoja, hiyo haikusumbui?"

Fortunat akashusha sauti. "Nitarudi kesho mangaribi. Utaniwekea chapati?"

Peris akakata simu. Kisha akaigeuza chapati, maana hasira ni hasira lakini mgeni alikuwa njiani.

Huyo Fortunat alikuwa Mkongo wa Bukavu, porter katika hospitali ile ile alikokuwa nesi Peris. Kazi yake kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi kwenda theatre, na sifa yake ni kwamba aliwaimbia njiani mpaka wakasahau wanakokwenda. Peris, Mkikuyu wa Limuru asiyeimbiwa na mtu, alianza kumsikiliza akiwa mwisho wa korido, na mwaka haukuisha kabla hajawa wake. Fortunat alikuwa na miaka thelathini na minane, na goti lake la kulia lililia kwenye ngazi. Ndiyo maana kila mtu alishangaa Septemba ilipofika na mwanaume huyo akaanza kuvuka bahari kila wikendi kwenda kucheza mpira Ufaransa.

Na mpira wenyewe si ule wa televisheni. Kaka yake Albert, yaya kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao Bukavu, aliishi kijiji kimoja nyuma ya Calais, na huko alikuwa nahodha, kocha na mshambuliaji wa timu ya kijiji katika daraja la mwisho kabisa. Chini yake hapakuwa na daraja lingine, palikuwa na shamba la viazi tu. Mvua ikizidi, ofisi ya kijiji ilifunga uwanja. Wawindaji wakianza msimu wao, nusu ya mabeki walikwenda na mbwa porini. Hayo yote Fortunat aliyasimulia akirudi, na Peris alicheka, mwanzoni.

Uncle Kamande alifika saa kumi kamili, amevaa koti la kazini kwake uwanja wa ndege. Ndiye aliyesimama mahali pa marehemu baba yake Peris. Alikaa, akaangalia viti vyote, akahesabu watu.

"Yuko wapi?"

"Amepewa shift, Uncle. Ghafla tu."

Kamande alikunywa chai yake taratibu. Alikuwa mtu wa kumaliza kikombe kabla ya kusema neno baya.

"Krismasi alikuwa na shift. Mwezi jana shift. Peris, mimi simchukii huyo kijana. Lakini mwanaume anayetaka mke haji mwenyewe kunywa chai na kuondoka. Anakuja na watu. Anakuja na mkubwa wake wa kumsemea, yeye mwenyewe ananyamaza, sisi tunasikiliza. Kwao si hivyo?"

"Kwao pia ni hivyo."

"Basi Jumapili ya mwisho ya Mei, nyumbani kwangu Hounslow. Nimewaambia wazee. Akija na mtu wa kumsemea, tutaongea ruracio, mahari yako. Asipokuja, mama, tutaliacha jambo hili na hatutalirudia. Nimesema kwa sababu nakupenda."

Peris aliitikia kwa kichwa. Alijua uncle yake hatishii, na hilo ndilo lililomtia baridi.

* * *

Jumatatu ilikuwa off yake. Rafiki yake Daisy, wa mlango wa tatu, alikuja kunywa kahawa na kumkuta amepiga magoti mbele ya mashine ya kufulia, ameshika jezi ya Fortunat juu kama anayepima kitambaa.

"Unanusa nini?"

"Njoo unuse na wewe."

Daisy akanusa. "Hainuki kitu."

"Ndiyo nashangaa. Ametoka kucheza kwa matope, mvua ilinyesha huko siku mbili. Ona soksi. Ona bukta. Nguo ziko safi kama zimetoka dukani. Lakini jaketi limelowa chapa chapa."

"Na viatu?"

Viatu vilikuwa na kitu cha ajabu. Matope kidogo chini, lakini kwenye ncha, pale vidole vinapokaa, chokaa nyeupe. Kila Jumatatu chokaa, ncha zote mbili. Peris alizoea kuifuta kwa kitambaa cha maji bila kuielewa.

Daisy akaweka kikombe chini. "Shosti, nikwambie ukweli ama nikubembeleze?"

"Sema."

"Mwanaume anaenda France kila weekend. Anarudi na nguo safi. Hataki kuonana na uncle yako. Huyo ana mtu huko. Na nyumba ya huyo mtu anaipaka chokaa."

Peris hakucheka. Alifungua simu yake akatafuta ujumbe wa Novemba, ule aliokuwa akiusoma kwenye basi akitoka kazini:

"Mama wangu tumeshinda 2-1. Nilifunga goli. Nilipofunga niliangalia juu nikasema jina lako. Batu walinishangaa."

"Na huu?" akauliza. "Mtu mwenye mwanamke mwingine anaandika hivi?"

"Hao ndio huandika vizuri," Daisy akasema.

* * *

Peris alimkamata Jumatano, mchana, kwenye benchi moja pale Woolwich karibu na soko, kila mmoja na sanduku lake la wali. Fortunat alikuwa akimsimulia habari ya mgonjwa aliyekataa kuvua kofia. Peris akamkatiza.

"Una mwanamke Ufaransa?"

Kijiko kilisimama hewani.

"Mwanamuke?"

"Nijibu tu. Nikijua nitalia wiki moja nitapona. Nisipojua ndiyo naumwa kila siku."

"Peris. Hapana. Naapa kwa Mungu, hapana."

"Basi ni nini? Uncle amesema Jumapili ya mwisho ya Mei uje na mkubwa wako. Una kaka huko, unalala kwake kila Jumamosi, ni kumwambia tu, yaya, njoo unisemee. Neno moja. Kwa nini hulisemi? Ama hunitaki?"

Fortunat akafunika sanduku lake, akaliweka chini.

"Nilishamuambiaka," akasema. "Mwaka jana, mwezi wa saba. Alikataa."

"Alikataa mimi?"

"Weye hakujue hata. Alinikatala mimi."

Ndipo akamweleza, vipande vipande. Baba yao alifariki Bukavu wakati Albert yuko kambini Ufaransa, anasubiri kuitwa kuhojiwa kuhusu makaratasi yake. Fortunat alikuwa tayari London. Simu ya msiba ilimfikia yeye. Familia ikakaa, ikasema Albert asiambiwe mpaka amalize mahojiano, asije akaanguka mbele ya wazungu. Na aliyepewa kazi ya kuficha alikuwa Fortunat.

"Alikuwa anapiga simu kila siku. Baba anaendelea aje? Nasema, analala. Nipatie nimusalimie. Nasema, docteur iko ndani. Wiki nzima. Kiisha rafiki yake moja alioa pale kambini. Albert akaenda, akacheza. Unajua namna tunachezaka. Bakamupiga video, wakaiweka Facebook."

"Aki Fortunat."

"Bukavu yote ilimuona. Ile siku tulikuwa nazika baba, mutoto wake wa kwanza iko nacheza na jasho. Mashangazi walilia juu yake kuliko juu ya maiti. Yeye mwenyewe alijua kwa kusoma comments."

Peris alitaka kumshika mkono, akasita, akaushika.

"Hakusema na miye miaka munane. Mwaka jana nikamupigia nikamuambia nimepata mwanamuke, nahitaji mukubwa. Akaniambia, nitasimama mbele ya batu niseme nini? Niseme ndugu yangu ni mutu wa kweli? Weye, ukweli ikiuma, unaificha. Kiisha akasema, kuya ucheze na sisi msimu moja. Siahidi kitu. Nitakuangalia."

"Kwa hivyo kila Jumamosi unaenda kuangaliwa."

"Kila Jumamosi."

"Na anakuongelesha?"

"Ananiambia saa ya kuvaa. Na saa ya gari." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Sikukuambia juu niliona haya. Mutu unataka kumuoa, umuambie nyumba yetu imepasuka, hakuna wa kunisemea? Nilisema nitengeneze kwanza. Kiisha utajua."

"Umenificha ili nisiumie."

"Ndiyo."

"Kama ulivyomficha yeye."

Fortunat akainamisha kichwa. Lile neno lilimwingia mahali pake. Peris naye akasikia vibaya kulisema, lakini hakulirudisha. Alifungua sanduku lake la wali, akachota, akampelekea mdomoni, pale pale mbele ya watu wa Woolwich wanaonunua ndizi.

"Kula. Una mechi ngapi zimebaki?"

* * *

Tangu siku hiyo Ijumaa ikawa siku ya chapati. Peris alikuwa akirudi kazini miguu inawaka, anakanda unga, anazipanga kwenye chombo kikubwa cha plastiki, anakifunga kwa kanga. Fortunat anakibeba mpaka kwenye coach, basi la safari, kama aliyekabidhiwa mtoto.

Jumapili jioni ilikuwa maswali.

"Walikula?"

"Bote. Na rais wa klabu, ule muzee, alikula na confiture, jamu ya matunda."

"Na Albert?"

"Alikula moja. Hakusema kitu."

Wiki iliyofuata Albert alikula mbili. Aprili alikula nne, na chombo kikarudi kimeoshwa, kimekaushwa, kanga imekunjwa pembe kwa pembe. Peris aliigusa ile kanga, akaiweka juu ya kabati, hakuitumia kwa kazi nyingine.

"Hiyo ni mkono wa mwanaume wa kukunja bendera," Daisy akasema. Alikuwa ameambiwa yote, na aliomba msamaha kwa kuleta maandazi.

Timu nayo ikawa inashinda, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Mwezi wa Mei ulipoingia, kijiji kile cha nyuma ya Calais kilibakiza mechi moja nyumbani. Wakishinda wanapanda daraja. Wakitoka sare wanabaki hapo hapo walipozaliwa. Kuna wazee pale walikuwa hawajawahi kuona timu yao ikipanda. Na mechi hiyo ilikuwa Jumapili moja kabla ya ile ya Kamande.

"Ukishinda, atakusemea," Peris alimwambia stendi ya Victoria, akimfunga zipu ya jaketi. "Mtu mwenye furaha hakatai kitu."

"Hata miye njo nawaza vile."

"Basi nenda ufunge goli. Kama lile la Novemba."

Fortunat akakohoa, akasema coach inaondoka.

* * *

Simu ililia Jumapili saa kumi na mbili, jua la Mei bado liko juu ya maghorofa ya Thamesmead. Peris alikuwa amekaa nayo mapajani tangu mchana.

"Mmeshinda?"

Peris akahamishia simu sikio lingine.

"Fortunat, mmeshinda?"

"Nimeharibu, Peris. Nimeharibu yote."

"Niambie pole pole. Uko wapi?"

"Niko nyuma ya vestiaire, pale tunavaliaka. Hakuna mutu anasema na miye." Akapumua. "Tulikuwa goli moja kwa moja. Dakika ya mwisho. Mupira ikaenda mbele, Albert akaikamata, akapiga, ikaingia. Watu wakavamia uwanja. Rais muzee alikuwa analia. Na miye nikainua kibendera."

"Kibendera gani?"

"Huku chini hawatumiaka waamuzi watatu. Wanatuma moja, wa katikati. Pembeni kila timu inatoa mutu wake ashike kibendera. Leo… leo walinipatia miye. Mwenye anashikaka alikuwa mugonjwa."

"Ukainua kwa nini?"

"Albert aliotea. Alikuwa mbele ya mabeki, mita nzima. Niliona vizuri, nilikuwa sawa na yeye. Peris, kila mutu huku anajua, mushika kibendera wa timu hainuaka juu ya timu yake. Hata arbitre, ule mwamuzi wa katikati, aliniangalia kama kunisaidia, kama kusema, una hakika? Nilikuwa na nafasi ya kuishusha. Mukono ukakatala."

"Akalikataa goli."

"Akalikatala. Sare. Hawapande. Goli ya Albert. Ndugu yangu wa miaka makumi ine na tatu, goli yake ya kupandisha kijiji, na miye njo nimemunyang'anya."

"Amesema nini?"

"Hakusema. Alipita mbele yangu, akaniangalia, akaenda kukaa kwa gari. Nitaenda na miguu mpaka stesheni. Jumapili sina mutu. Umuambie uncle yako. Sitaki umudanganye tena juu yangu."

Peris alisimama akaenda dirishani. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na sababu ya kucheka ilikuwa ndogo na nyeupe. Kibendera. Mtu anayetembea pembeni mwa mstari wa chokaa, anautazama uwanja, ncha za viatu kwenye mstari wenyewe, mvua inamnyeshea kwenye jaketi na jasho halimtoki. Chokaa ya kila Jumatatu, tangu Septemba. "Leo walinipatia," anasema. Leo.

"Fortunat," akasema. "Nisikilize. Jumapili utavaa ile suti ya bluu. Utakuja Hounslow."

"Na nani?"

"Na suti. Mengine sijui. Ila mimi mwanaume aliyeinua kile kibendera simwachi, hata kama atakuja kusimama barabarani peke yake."

Upande wa pili mwanaume mzima alilia, na Peris akakaa naye kwenye simu mpaka akafika stesheni.

* * *

Wiki nzima Albert hakupokea simu. Fortunat aliandika: "Yaya, nisamehe. Jumapili saa nane, Hounslow. Kama hukuye nitaelewa." Alama mbili zikawa za bluu. Jibu halikuja.

Jumapili ile sebule ya Kamande ilijaa. Wazee watatu wa Kikuyu kwenye makochi, kina mama jikoni na sufuria za mukimo, Daisy akizunguka na sahani ili asikie kila kitu. Ndege za Heathrow zilipita juu ya paa moja baada ya nyingine, na kama ilivyo desturi ya Hounslow, kila ilipopita moja watu walinyamaza katikati ya neno, wakasubiri, wakaendelea pale walipoachia.

Fortunat alikuwa nje. Suti ya bluu, viatu vimepigwa rangi, amesimama ng'ambo ya barabara. Hakuweza kuingia bila mkubwa wake, na hakuweza kuondoka. Peris alimwangalia kupitia pazia mpaka kioo kikaweka ukungu wa pumzi yake.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikakaribia.

"Mama," Kamande akasema nyuma yake, kwa upole, "nimengoja. Chakula kinapoa. Nikamwambie aende nyumbani?"

"Dakika kumi, Uncle. Tafadhali."

"Umeomba dakika za kutosha msimu huu."

Aliposhika kitasa ndipo gari dogo jeupe la abiria likakunja kona, namba za Kifaransa, ubavuni limechorwa nembo ya mpira na jogoo. Lilisimama vibaya, magurudumu mawili juu ya ukingo wa barabara. Akashuka mwanaume mrefu mwenye upara na koti jeusi, na nyuma yake mzee wa Kizungu mwenye tai iliyombana, amebeba kreti ya soda kifuani.

Fortunat hakusogea. Albert alivuka barabara, akasimama mbele yake. Walichosemezana hakikusikika ndani. Kilichoonekana ni Albert kunyoosha mkono, kumrekebisha mdogo wake kola ya shati, kisha kumshika shingo kwa nyuma na kuuvuta uso wake begani kwake. Walikaa hivyo. Ndege ikapita.

"Huyo ndiye mkubwa?" Kamande akauliza.

Peris alikuwa ameshafika mlangoni. Daisy alimjibia.

* * *

Salamu zilichukua muda, maana kila mzee alitaka kujua Mfaransa ni nani wake. "Ni rais wa klabu yetu," Albert akaeleza. "Nilimuambia mutu haendi kuomba bibi na muzee moja tu. Akavaa tai."

Mzee wa Kifaransa, aliyesikia neno klabu, akainuka na kuinama mara mbili.

Fortunat alikaa pembeni, mikono kwenye magoti, amenyamaza kama inavyotakiwa. Albert akasimama.

"Bazee, mimi ni Albert. Nimetoka mbali na nimechelewa, munisamehe. Sikuchelewa kwa barabara. Nilichelewa kwa moyo."

Wazee wakaguna kwa kukubali.

"Huyu ni mudogo yangu. Miaka munane sikumuita jina. Alinifichaka kifo ya baba yetu, bakubwa ndio walimutuma, lakini mudomo ilikuwa yake. Aliponiomba nimusemee, nilikatala. Nilimuambia kuya nikuangalie. Nikamuangalia msimu muzima. Alikuja na mvua, alikuja na theluji, hakukosa. Nikasema, hii ni juhudi, lakini juhudi si ukweli."

Ndege. Wote wakanyamaza. Ikapita.

"Jumapili imepita nilifunga goli. Goli ya maisha yangu. Nami nawaambia hapa, nilikuwa nimeotea. Mufungaji anajuaka. Nilipopiga niligeuka kuangalia mudogo yangu, na moyoni niliomba anyamaze. Nilisema, huyu ni mutu wa kunyamaza, atanyamaza tu. Na kibendera ikapanda juu. Mbele ya kijiji yote. Juu ya goli ya ndugu yake, mwenye anamuhitaji kwa ndoa."

Akasubiri kidogo, ingawa safari hii hapakuwa na ndege.

"Nilikaa wiki nikikasirika. Kiisha nikaona, hasira ilikuwa ya goli. Ile ingine, ya zamani, niliitafuta sikuiona. Bazee, muliuliza nani atamusemea. Miye. Nasema hivi: ukimupatia huyu binti yenu, siku mambo ikienda mubaya, atawaambia. Njo yote nimeleta. Na soda."

Jikoni mama mmoja alipiga kigelegele kabla ya wakati wake, akanyamazishwa. Albert akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kibendera cha njano, kijiti chake kimechakaa, akamkabidhi Peris kwa mikono miwili.

"Shemeji, hiki ni chako. Siku akikuficha kitu, umuinulie. Na asante kwa chapati."

Mazungumzo mengine yalikuwa ya wazee na yalikwenda vizuri. Jua lilipoanza kushuka, Kamande akachukua chupa ya kwanza kwenye kreti, akaishika bila kuifungua, na kumwita Peris katikati ya sebule kama mila inavyotaka.

"Peris, mama. Hawa watu wameleta vinywaji. Wewe ndiye unayejua kwa nini. Tunywe, au tuwarudishie?"

Kila mtu alijua jibu. Daisy alishaandaa simu kupiga picha.

Peris akainua kibendera.

Daisy akashusha simu. Fortunat akanyanyuka nusu kwenye kiti. Mfaransa wa watu, ambaye kwa mara ya kwanza mchana ule alielewa kinachoendelea, akashika kichwa.

"Nini tena?" Kamande akauliza.

"Kabla hatujanywa, Uncle. Kuna swali moja, na ni la huyu."

"Huyu haongei leo. Ana mtu wake."

"Hili mtu wake hawezi kumjibia." Akamgeukia Fortunat. "Lile goli la Novemba. Ulilolitajia jina langu. Ulifunga kwa mguu gani?"

Fortunat akasimama. Akamwangalia Albert, na Albert akaangalia dari. Akafungua mdomo, na hapo hapo ndege kubwa kuliko zote za siku ile ikapita juu ya paa, vikombe vikalia kwenye visahani, na watu wote wakalazimika kungoja, naye akiwa amesimama na jibu lake mdomoni, jasho likimtoka kwa mara ya kwanza msimu ule.

Ikapita.

"Sikufungaka," akasema. "Sikuchezaka hata dakika moja. Goti ilikatala tangu Septemba. Kila Jumapili nilishikaka kibendera. Jina yako nililisema, hiyo ni kweli. Lakini nililisema pembeni."

Mzee mmoja alianza kucheka kwa tumbo, akajizuia, akashindwa.

"Nilijua," Peris akasema, machozi yakimtiririka. "Soksi zako nafua mimi."

Akashusha kibendera.

"Uncle, tunywe."

Kamande alikuwa ameshafungua chupa.